Kikombe cha Doto

Ungenisimulia wewe, ningekucheka. Ila haya yalinikuta mimi mwenyewe, hapa Mkolani, ndani ya studio yangu ya chumba kimoja, na pombe siijui hata ladha yake.

Doto alikuwa anarekodi albamu yake ya kwanza ya soul akiwa peke yake. Kabla ya hapo aliimba na pacha wake wa kufanana naye kabisa, Kulwa. Kulwa anaanzisha, Doto anaitikia, tangu kwaya ya watoto. Kulwa akaugua, akafa, tukamzika kwao Sengerema. Nyimbo zote zilikamilika isipokuwa wimbo wa kumuaga. Kila nikiachia muziki, Doto alibaki kimya mbele ya maiki.

"Namsubiri," alisema, akaanza kulia. Nami nililia, usidhani fundi mitambo hana machozi.

Jioni moja ya mvua kubwa akaingia mapema, nguo kavu kabisa. Si ningeshtuka hapo? Wapi! Nikamwekea chai. Akakitazama kikombe.

"Na cha mwenzangu?"

Kwetu Wasukuma pacha hapewi kitu bila mwenzake kupewa, basi nikajua ni uchungu wa msiba unaosema. Nikamimina cha pili. Akasogea kwenye maiki, nikaanza kurekodi, akaimba mstari wa kwanza tu, kwa sauti nzito iliyonisisimua mwili, kisha akanyamaza kama anayengoja kujibiwa. Simu yangu ikaita. Alikuwa Doto. Upepo ziwani ulichelewesha kivuko, ndiyo kwanza ameshuka, nisifunge.

Nilipogeuka, chumba kilikuwa kitupu.

Doto alifika ameloa chapachapa. Nilishindwa kumweleza, nikamwekea tu ule mstari ausikie. Alivaa hedifoni, akaitikia, akaimba mpaka mwisho bila kukosea popote. Kisha akanywa kile kikombe cha pili. Chai ilikuwa bado ya moto.

Kesho yake nikafungua ile kazi niisafishe. Sauti ya Doto ipo yote. Ya Kulwa haipo, pale mwanzoni ni kimya tu. Nilipomwambia, alikaa sakafuni akalia kuliko alivyolia makaburini.

Alinikataza kukikata kile kimya, na albamu imetoka hivyo hivyo. Watu wananipigia simu kwamba nimeharibu kazi. Jukwaani wimbo huo haujawahi kuimbika. Doto husimama, husubiri, kisha huomba radhi na kushuka.

Kwa hiyo ukiusikia, kile kimya usikiruke. Na akija kwako pacha mmoja, mimina vikombe viwili.