Krismasi ya Siku ya Pili

Eunike Sumari hakuwa mtu wa kulalamika, na hilo ndilo lililomponza. Angekuwa na mdomo kama wa wifi yake Susana, mambo yangejulikana mapema, yakasemwa mbele ya watu, yakaisha. Lakini yeye alikuwa wa kumeza. Mpe la moto atameza, mpe la baridi atameza, kisha atauliza kama wengine wameshiba.

Kwake ni Akeri, kwenye mteremko wa Meru juu ya Usa River, ndani ya migomba na kahawa ya mumewe, Philemoni. Philemoni alikuwa mkulima wa kusifiwa mpaka mwaka ule vita vya Hitila vilipokwisha, akaenda kupasua mbao msitu wa Olmotonyi, gogo likamwangukia nyonga. Akapona, ila jembe la kutwa hakuliweza tena. Nyumba ina watoto, kahawa inataka mikono, na mwenye mikono anachechemea. Ndipo dada yake Susana, mjane asiye na mtoto, akaja kukaa nao kushika shamba na jiko, na Eunike akaenda kufanya kazi ya uyaya kwa Mzungu mmoja mkulima wa kahawa, upande wa pili wa mji wa Arusha. Alikuwa akiitwa Bwana Hadli. Wala hawakuwa watu wabaya, yeye na memsabu wake. Walikuwa watu wa kuhitaji tu, na siku waliyomhitaji kuliko zote ilikuwa Krismasi.

Siku hiyo wageni walikuja na magari yao kutoka mjini na mashamba ya jirani, watoto wao wakajaa nyumba nzima, na nani wa kuwaosha, kuwavalisha na kuwanyamazisha kama si yaya? Na yaya akishawanyamazisha, mpishi anamwita jikoni amsaidie na bata bukini. Ruhusa ilikuwa kesho yake asubuhi.

Alipoambiwa hivyo mara ya kwanza, Eunike alilia. Si kwa memsabu, alilia nyumbani, Novemba, alipokuja kuangalia watoto. Kwa sababu lazima mjue Krismasi ya nyumba ile ilikuwaje. Babu yake Philemoni, mmoja wa wale wa mwanzo kubatizwa, alikuwa ameweka utaratibu wake. Watu wakitoka kanisani, kondoo dume anachinjwa uani. Kwanza inanywewa supu ya damu na majani machungu, moto moto, siku ile ile. Halafu nyama inatandazwa juu ya majani ya migomba, baba mwenye nyumba anashika kisu, na anaita. Anaita jina kwa jina, mkubwa hadi mdogo, na kila jina lina kipande chake. Kidari ni cha mama wa nyumba. Hakuna anayetia kitu mdomoni mpaka jina la mwisho limeitwa. Basi mama akikosekana, baba ataita nini akifika kwenye kidari?

Philemoni alimwacha alie, kisha akasema, "Mama Eliza, Krismasi ni siku, na siku inasogezwa. Tutakungoja. Watoto watakwenda kanisani, watarudi, watakula loshoro yao ya mahindi na maziwa walale. Mlango huu hauchinji mpaka ufike."

Maneno matamu yale. Wanaume wakitaka, wanajua kusema. Eunike aliyabeba maneno hayo kama mtu anavyobeba kaa la moto kutoka kwa jirani, akiyapuliza njia nzima yasizimike. Siku yenyewe ilipofika, akimfuta pua mtoto wa Mzungu, akimimina mafuta ya moto juu ya bata, alikuwa anasema moyoni: wananingoja. Wanakula loshoro na wananingoja. Na kwa neno hilo siku ikapita.

Kesho yake alfajiri alitoka mbio mpaka mjini, akapata lori la kwenda Usa River, akapanda mlima kwa miguu. Na kweli, kondoo alikuwapo, Philemoni alikuwapo na kisu, na alipofika kwenye kidari akaita, "Eunike," akanyamaza kidogo ili watu wote wasikie.

Hakuja mikono mitupu. Memsabu alimpa kipande cha ile keki yao nyeusi ya kuchemshwa ndani ya kitambaa, waliyoiita pudini, na kofia za karatasi za rangi ambazo wageni walizivaa mezani kisha wakazitupa. Susana aliionja pudini akasema Wazungu wameharibu zabibu. Watoto hawakumsikiliza. Walivaa kofia zile mpaka zikachanika, Philemoni naye akavaa, na mzee mzima mwenye kofia ya zambarau akaita nyama jina kwa jina bila kucheka.

Mwaka uliofuata Eunike akajaribu pudini yake mwenyewe, ya ndizi mbivu na asali, akaifunga kitambaani na kuichemsha. Ndani yake akaficha punje moja ya kahawa, kwa kuwa Wazungu nao huficha kitu. Atakayeing'ata siku hiyo hatumwi popote, hata maji hachoti. Jamani, watoto walivyotafuna kwa makini! Mambo yakaingiana hivyo, kofia na kidari, pudini na wimbo wa Kimeru, na watoto wenyewe wakaipa siku ile jina: Krismasi ya Mama. Akeri nzima hakukuwa na mwanamke mwingine mwenye sikukuu yenye jina lake. Eunike alijivuna, na msimlaumu. Alikuwa na vichache vya kujivunia.

Miaka ikaenda. Elizabeth, binti mkubwa, akapata kipaimara. Katikati akazaliwa Ndeshi, wakati wa masika, na kabla ya mwaka kwisha Eunike akamwachisha ziwa, akamwacha mgongoni kwa Susana na kurudi kazini. Krismasi ya Mama iliendelea. Ila siku hizi alipofika alikuta kondoo ameshachinjwa. "Umechoka na safari," Philemoni alimwambia, "tumechinja alfajiri usije ukahangaika na damu." Supu je? "Watoto wameimaliza, unawajua." Eunike akaona anapendwa. Mmeru mzima, aliyezaliwa na kulelewa kwenye nyumba za kuchinja, anapewa nyama iliyokwisha kukaza, na haulizi. Sijui nimwite mjinga au nimwite mke.

Basi ukaja mwaka ule Bwana Hadli alipougua. Madaktari wakasema arudi kwao Ulaya. Wakafunga mizigo haraka haraka, na siku moja kabla ya Krismasi wakaondoka, memsabu akilia kwenye gari. Eunike akabaki kufunga madirisha na kumkabidhi mnyapara funguo. Akalala usingizi wa mtu aliyefunguliwa kamba, na asubuhi ya Krismasi, Krismasi yenyewe, akashika njia ya nyumbani.

Magari siku hiyo ni ya kubahatisha. Alitembea, akasubiri, akapata lori la mtu wa Moshi, na jua lilikuwa limeshapita utosini alipoanza kupanda kutoka Usa River. Watu walikuwa wamekwisha kutoka kanisani. Kila uani moshi, kila uani harufu ya nyama, na yeye anapanda anatabasamu peke yake. Alikuwa na picha yote kichwani. Atawakuta na sufuria ya loshoro, wamenyong'onyea, majirani wanakula. Ataingia kimya. Atasema, "Baba Eliza, chinja leo." Hakutaka kitu kingine duniani. Mara moja tu, siku ya watu wote, jina lake liitwe.

Alisikia sauti ya mumewe kabla hajaiona nyumba.

"Susana," sauti ilisema. "Kidari."

Eunike akasimama kwenye migomba. Kwanza alidhani masikio yamechoka. Akasogeza jani moja. Kondoo alikuwa ametandazwa, mkubwa, mnene, na bakuli za supu ya damu zilikuwa tupu kando ya moto. Watoto walikuwa wamekaa kwa mstari, na vichwani wamevaa kofia za karatasi, si za Wazungu, hizi zilikuwa zimekatwa kutoka magazeti ya kale na kupakwa udongo mwekundu kingo zake. Na katikati, juu ya jani safi, ilikuwapo pudini ya ndizi, imefunguliwa kitambaa, inatoa mvuke. Mtoto mmoja alikuwa anaigusagusa pembeni akitafuta punje. Kila alichowaletea kilikuwa pale. Kilikuwa kimeota, kimeshika mizizi, kimekuwa cha nyumba. Yeye tu ndiye hakuwapo, na hakuna aliyeonekana kutafuta kitu kilichopungua. Laiti ingekuwa sikukuu mbaya! Ilikuwa nzuri, ya watu walioizoea.

Ndeshi ndiye aliyemwona. Alikuwa na umri wa kupoteza meno ya mbele. Alikuja mbio, akamkumbatia miguu, "Shikamoo mama," akafurahi kweli, mtoto wa watu. Kisha akageuka akaangalia nyama, akamwangalia mama yake, na uso ukaingia wasiwasi wa kumsaidia mtu mzima aliyepotea.

"Mama, umekosea," akasema. "Leo ni Krismasi. Yako ni kesho."

Elizabeth aliinamisha kichwa, kofia ikaanguka. Philemoni alibaki na kisu mkononi, akatafuta neno, na neno alilolipata lilikuwa lile wanaloambiwa wageni.

"Karibu, Mama Eliza."

Susana alikuwa ameshasimama. Akamsogezea kigoda. "Wifi, kaa hapa. Hiki ni chako, nilikushikia tu."

"Kula, wifi," Eunike akasema. "Kimeshaitwa jina lako."

Akaingia ndani kuweka kikapu. Philemoni akamfuata akichechemea, akasimama mlangoni.

"Tulikungoja," akasema. "Haki ya Mungu, tulikungoja. Ila watoto walikuwa wanakaa pale uani wananusa nyama za watu, siku ya Krismasi, na loshoro yao mapajani. Nikashindwa. Nikasema tuchinje, mama yao tumwekee. Mwaka ule ule ambao..."

"Yatosha, Baba Eliza."

"Nilitaka kukwambia. Lakini ulikuwa unafika na furaha ile."

"Ulifanya vizuri," Eunike akasema. "Watoto hawawezi kushinda wananusa nyama ya jirani."

Na alimaanisha. Hapo ndipo ninapomhurumia kuliko pote. Angekuwa na wa kumgombeza, angegomba akapona. Angemgombeza nani? Mume aliyewahurumia watoto? Wifi aliyemlelea mwanawe mgongoni? Hasira alikuwa nayo, imemjaa mpaka kooni, na hakuna mahali pa kuitua. Akaimeza, kama kawaida yake, akatoka nje, akakaa karibu na Ndeshi, akala alichopewa.

Kesho yake walimfanyia Krismasi yake. Philemoni aliamka kungali giza akachinja mbuzi waliyekuwa wamemtunza kwa ajili ya maziwa, maana kondoo mwingine hakukuwa, ili mkewe apate supu ya damu ya siku ile ile. Aliinywa yote. Majina yakaitwa. "Eunike. Kidari." Watoto walikuwa wameshiba tangu jana, lakini walitafuna kwa adabu, polepole, wakimwangalia usoni kuona kama inatosha. Walivaa kofia zile zile, zimekunjamana. Waliimba. Walikuwa hodari sana wa kuimba, na Eunike aliona wazi kwamba wamezoea.

Hakurudi tena kazi ya uyaya. Mwaka uliofuata alisema mwenyewe kwamba sikukuu iwe moja, na Philemoni akamwita kwanza kabla ya kidari kukatwa, na Susana akapiga vigelegele. Kwa macho ya watu, jambo limekwisha. Lakini kila Krismasi, nyama ikiwa mkononi, Eunike alirudi nyuma kimya kimya, mwaka mmoja mmoja. Ile ya kofia ya zambarau, je, walingoja? Ile ya pudini ya kwanza? Na ile aliyofika amelowa mvua, Philemoni akamvua viatu, akamkanda miguu kwa maji ya moto, akamwambia hawajatia kitu mdomoni tangu asubuhi? Aliishika hiyo kuliko zote, na hakuwa na hakika nayo.

Lilikuwa swali dogo: mlianza mwaka gani? Susana alijua, Elizabeth alijua, na yeyote kati yao angemjibu. Hakuwauliza. Alitaka kumwuliza Philemoni, siku wakiwa wawili tu, na mara mbili tatu alifungua mdomo, akaishia kumwuliza kama nyonga inauma. Philemoni alikufa bendera ya Mwingereza ingali juu, Krismasi ikiwa karibu. Walipokwisha kumzika, watoto walimwuliza mama yao ni nani sasa atakayeshika kisu na kuita majina, naye akasema ashike Susana, ndiye aliyekuwapo miaka yote.