Kuhesabu Mizunguko ya Tairodi

Jirani yangu wa Kagondo ni karani. Mikono yake imezoea mihuri, si spana. Jumamosi asubuhi alilala chini ya gari lake kubadilisha tairodi za usukani kwa mara ya kwanza, maana Jumatatu angempeleka mama yake kliniki ya moyo, Muleba. Alifungua ile ya zamani akihesabu mizunguko, ili mpya ikae palepale na gari lisivute pembeni. Mama akatokea mlangoni. Mzazi haamkiwi na mtu aliyelala. Jirani akatoka uvunguni, akapiga goti, akamwamkia. Hesabu ikapotea.

“Ulifika ngapi?”

“Sikumbuki, waitu,” akajibu kwa heshima ya Kihaya.

“Basi anza tena, tuhesabu sote.”

Akaikaza tena ile ya zamani mpaka ikagusa nati yake, ambayo haikuwa imesogezwa, akaanza kuifungua na moja. Kila baada ya tano pumzi ya mama ilikatika, naye aliituliza spana, akangoja.