Nyuma Imelegea

Juzi nilirudi pembezoni mwa jiji, pale ulipokuwa uwanja wetu wa mbio za magari, nikakuta makontena ya bandarini yamepangwa ghorofa kwa ghorofa. Mlinzi akaniuliza natafuta nini. Ningemjibuje? Natafuta moshi wa matairi, soseji za kuchoma, na haki ya mtu mmoja.

Unajua, lugha ya mbio nilifundishwa na jirani yetu wa Albert Park, mtaa wetu wa wahamiaji, fundi kutoka Lubumbashi. Jioni alipanga vifuniko vya soda juu ya sinia la mama na kuvizungusha. Gari likijibanza nyuma ya jingine ili upepo usilipate, linafuata kivuli. Likikataa kukata kona, limebana. Mkia ukitaka kutangulia, nyuma imelegea. Nilikuwa msichana wa miaka tisa. Niliyarudia maneno hayo nikisugua sufuria za fufu, ule ugali wa kwetu.

Fundi alimtengenezea gari la mbio bwana mmoja wa Morningside, mtaa wa matajiri. Wiki nzima alishinda chini ya lile gari. Siku ya mbio nilifuatana naye, na kwenye lango la mafundi yule bwana akamwambia ndani kumejaa, angojee nje ya uzio. Kumejaa! Mimi nikapita chini ya mkono wa mlinzi.

Mbio zilikuwa za raundi kadhaa zenye mapumziko katikati, na ya kwanza ilipokwisha gari letu lilikuwa la mwisho. Fundi akaniita kupitia waya.

"Mama, kimbia! Waambie nyuma iko inalegea. Watoe hewa kidogo kwa tairi ya nyuma, ile ya inje!"

Nikakimbia, nikasema yote bila kukosea. Bwana akacheka.

"Eish! Na huyu injinia katoka wapi?"

Dereva hakucheka. Alichuchumaa, akatoa hewa. Raundi ya mwisho akashinda.

Kisha bwana akashika kipaza sauti, kikombe kwapani: "Nilihisi mwenyewe kwamba nyuma imelegea."

Mwenyewe! Nje ya uzio fundi alikuwa anapiga makofi.

"Si gari imeshinda, mama? Piga na wewe."

Sikupiga. Mpaka leo sijapiga.

Uwanja haupo tena. Fundi tulimzika mbali na kwao, na hakuna tena wa kunizungushia vifuniko juu ya sinia. Kikombe, nasikia, bado kinang'arishwa huko Morningside. Waking'arishe. Lakini aliyejua kwamba nyuma imelegea alikuwa amesimama nje, vidole vyake vimeshika waya.