Amarjot, Mpanda Baiskeli Mpya

Mji wa Ludhiana hauna mlima hata wa dawa. Ni tambarare tupu, ngano upande huu, haradali upande ule, na katikati viwanda vinavyogonga vyuma tangu alfajiri. Lakini Sardar Tarlochan, mwenye kiwanda cha baiskeli nyuma ya soko la nafaka, aliamka siku moja akatangaza kwamba sasa anatengeneza baiskeli za mlimani. Wafanyabiashara wenzake walimcheka hadi chai ikawatoka puani. Akawajibu kwamba hata wanaoshona miavuli hawakai mvuani.

Aliyefurahi zaidi ya wote ni Amarjot Kaur. Baiskeli yoyote ya mtindo mpya ilipotoka kiwandani humo, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuipanda. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, na mumewe, dereva wa lori, hakuizoea kamwe. "Mimi nalipwa kwa kufika," alikuwa akilalamika, "mke wangu analipwa kwa kuzunguka na kurudi palepale."

Baiskeli za lami alizijaribu kwenye barabara ya kando ya mfereji. Alikanyaga pedali mpaka pumzi ikamkatika, akaachia usukani, akafunga breki ghafla, kisha akarudi kwa fundi Shingara kumweleza kilichomuudhi.

"Kaka, hii inavuta kushoto."

"Inavuta yenyewe, au umeshiba upande mmoja?"

"Kaza, kaka. Usinitafute asubuhi yote hii."

Shingara alikaza huku akinung'unika, na kweli ilikuwa ikivuta kushoto.

Kazi hiyo hakuipata kwa bahati. Aliipata kwa mama mkwe wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Biji. Amarjot aliolewa akiwa ameshashinda mbio za baiskeli za chuo, na kwa kuwa sasa ni mke wa watu, alidhani mambo hayo yamekwisha. Baba mkwe alikuwa amesema wazi kwamba mke wa nyumba yake hatarusha mguu juu ya tandiko mbele ya wazee. Biji alikuwa anakanda unga. Hakuinua hata kichwa. "Basi wazee watazame pembeni," akasema. Kiwanda kilipotafuta mjaribu, ni Biji aliyemsukuma nje ya mlango, na ni Biji aliyewalea watoto kila asubuhi ili mama yao aende akapande vyuma vya watu. Mwenyewe hakuwahi kukalia baiskeli hata siku moja. Amarjot hakuacha kumshukuru moyoni, ila kwa mdomo hakuwahi kupata maneno yaliyotosha, na nyumba yenye watoto haimpi mtu nafasi ya kuyatafuta.

Sasa kulikuwa na tatizo. Amarjot alikuwa amevuka miaka arobaini, na Sardar Tarlochan alikuwa ameanza kumtazama kama mtu anayetazama tairi iliyolika.

"Binti yangu," alimwambia siku ile baiskeli ya kwanza ya mlimani ilipokamilika, "lami unaiweza, sina neno. Mlima ni kitu kingine. Kesho tunakwenda kwenye vilima vya Shivalik. Ukishuka vizuri, kazi ni yako mpaka uichoke mwenyewe. Ukishindwa, nitatafuta kijana, na wewe utakaa stoo uhesabu nati."

Amarjot aliona ni heri auze karanga stendi kuliko kuhesabu nati.

Kwa kuwa lori lingempitia nyumbani kabla ya jua kuchomoza, baiskeli ililala kwake, imeegemezwa uani. Biji aliizunguka akiisifia rangi, akaenda kulala. Alfajiri, Amarjot akiwa anajimwagia maji, Biji aliamka akaifanyia baiskeli ile yote yanayofanyiwa bibi harusi, trekta na kila kitu kipya chema kinachovuka kizingiti. Alifunga uzi mwekundu kwenye usukani. Aliweka ladu, donge tamu la sikukuu, mbele ya gurudumu. Kisha akachukua mafuta ya haradali ya kumwaga mlangoni, na hapo akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona kwenye baiskeli yoyote: katikati ya kila gurudumu, sahani ya chuma inayong'aa. Alijua kabisa imewekwa pale kwa ajili ya baraka. Akazipaka zote mbili, pande zote, kwa vidole vyake, akimwombea mke wa mwanawe arudi salama.

Zilikuwa sahani za breki.

Amarjot aliuona uzi, akatabasamu, akala ladu, akapanda lori. Mafuta hakuyaona.

Kileleni alikuwa peke yake. Sardar Tarlochan na Shingara walisubiri chini, kwenye mkondo wa mto mkavu. Alianza vizuri: mawe yalimrusha, akayacheka, gia zikaitika. Kwenye kona ya kwanza kali akabana breki. Baiskeli haikusikia. Akabana kwa nguvu zake zote, nayo ikazidi kuteremka. Alichoweza ni kuitupa kwenye kichaka cha matete, na kichaka kikampokea kwa ukali lakini kikampokea.

Alipoinuka, damu ikimtoka kwenye kiwiko, alinusa. Hakuhitaji kunusa mara mbili. Ilikuwa harufu ya jikoni kwao, harufu ya nywele za watoto wake siku ya kuoga. Akajua nani, akajua kwa nini. Akavua mtandio, akazifuta sahani zile haraka haraka kabla wanaume hawajapanda.

Shingara alifika akihema, akainua gurudumu, akalizungusha kwa mkono, akabana. Likasimama. "Breki zinashika, Sardarji," alisema kwa huzuni, maana alimpenda Amarjot.

"Basi ni nini?" akauliza Sardar Tarlochan.

Neno moja lingetosha. Amarjot alilisikia limekaa ulimini. Akamwona Biji akisemwa kiwanda kizima, mwanamke aliyetaka kumuua mke wa mwanawe kwa ushamba wake.

"Nilichelewa kubana," akasema. "Mikono ilikuwa mizito."

Sardar Tarlochan hakumkaripia. Hilo ndilo lililouma zaidi. "Stoo kuna kiti kizuri," alisema kwa upole, wakashuka.

Nyumbani alisema amejikwaa, na kwamba kuanzia kesho atakaa stoo kwa kuwa umri umekwenda. Biji alimpaka manjano kwenye kiwiko, akamlisha, kisha akachukua nguo zenye vumbi ili azifue. Alipofika kwenye mtandio alisimama. Ulikuwa na masizi meusi ya breki, na chini ya masizi, mafuta. Biji alikuwa amenunua mafuta hayo kwa mkamuaji yuleyule maisha yake yote, na zile sahani zinazong'aa zikamjia kichwani.

Kesho yake mlinzi wa kiwanda alimwona bibi kizee akishuka kwenye riksho, mtandio mchafu mkononi. Amarjot aliinua macho kutoka kwenye nati zake akabaki mdomo wazi. Sardar Tarlochan alitoka mbio, akainama kumgusa miguu kwa heshima, kama inavyompasa mtu aliyelelewa.

"Ngoja," Biji akamzuia. "Usiniguse miguu kabla hujanisikia. Nani kakwambia huyu amezeeka?"

"Biji, mwenyewe alisema..."

"Amekudanganya. Nilipaka mafuta zile sahani zako. Mimi, kwa mkono huu. Kama ni mzee wa kuwekwa stoo, niweke mimi."

Shingara alikuwa ameshafungua breki. Alinusa, akamsogezea Sardar Tarlochan naye anuse. Sardar Tarlochan alinusa, akacheka mpaka kilemba kikasogea. Mama yake mwenyewe, alisema akijifuta macho, alikuwa amewahi kumwagia siagi injini ya lori lake jipya. Amarjot akaambiwa aache nati, kesho wanarudi kilimani na breki mpya.

Biji hakucheka. Alimvuta Amarjot nyuma ya marobota ya tairi.

"Nilikaribia kukuua. Kwa nini hukusema?"

"Wewe ndiye uliyenipa kazi hii, Biji." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyaficha. "Kila asubuhi ninayopanda, ni yako. Ningekushukuruje kwa kukushtaki?"

Biji alimpiga kibao chepesi shavuni, kisha akamfuta shavu hilohilo.

"Mjinga wewe," akasema. "Sikukupandisha mimi ili uje ushuke kwa ajili yangu."