Majani ya Nyundo

Ilikuwa mwaka ule fundi alipohamisha gereji. Hapana, nakosea, ni mwaka uliofuata, maana binti yake alikwishaolewa na nyumba imebaki ya wawili. Fundi huyo alinyoosha bodi za magari miaka thelathini, wakamwita Nyundo, na sikio lake la kushoto likabaki pambo tu.

Basi akapigwa picha ya tumbo, daktari akamwambia ini lake limejaa mafuta. Kaka yake Nyundo alikufa kwa ini, tumbo limevimba kama ngoma, na yeye ndiye aliyemuuguza. Daktari akampa miezi mitatu: aache vya kukaanga, atembee, ale majani machungu. Akaeleza kwamba kwenye ule uchungu wa mmea mna kitu ambacho, kwa panya, wataalamu wameona kinaliamsha ini liyachome mafuta badala ya kuyaweka akiba. Kwa binadamu bado wanachunguza.

"Kasemaje?" mkewe akamuuliza.

"Majani ya machungwa."

"Tangu lini mchungwa ukawa mboga?"

"Mama, mgonjwa ni mimi au wewe?"

Mchungwa wa karibu ulikuwa kwa shemeji yake, ng'ambo ya bonde, mwendo wa saa nzima. Kila asubuhi akashuka, akapanda, akachuma, akarudi, mkewe akachemsha.

"Shemeji, mti wangu una kipara sasa," yule bwana akamtania. "Umegeuka mbuzi?"

"Ulishasikia mbuzi anaumwa ini?"

Alitania, lakini kila akipitisha mkono tumboni alimkumbuka kaka yake.

Miezi ikatimia. Safari hii mkewe akafuatana naye. Daktari akaitazama picha mara mbili.

"Mafuta yamepungua sana, mzee. Umeponea chupuchupu."

Nyundo akashusha pumzi kama aliyetuliwa gunia. Mkewe akafuta machozi.

"Na hayo majani machungu, mama, ulikuwa unayapikaje?"

"Machungu?" Mama akamgeukia mumewe taratibu. "Machungu, baba. Si machungwa."

Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Nyundo naye akacheka. Aliyepona haoni aibu. Ila kuna jambo alimuuliza daktari palepale mlangoni, akamuuliza shemeji, akawauliza na mafundi wenzake gerejini, wote wakaishia kucheka: sasa yale mafuta yaliondolewa na jani, na chipsi alizoziacha, au na lile bonde?