Kitabu cha Uzi Mwekundu

Mafuta ya taa yakimwagika mahali, hata kidogo tu, mimi hurudi darasa la tano. Ndivyo lilivyonuka sanduku letu la vitabu vya hadithi. Lilikuwa sanduku la bati, na Mwalimu Ndunge aliliweka juu ya mikebe minne yenye mafuta ya taa ili mchwa wasipande. Ukifungua kitabu, harufu ilikufika puani kabla hujasoma neno. Wenzangu hunishangaa nikiwaambia kwamba kwangu hiyo ni harufu ya raha.

Ilikuwa miaka ya sabini, katika shule ya msingi isiyo mbali na soko la Tulia. Mwalimu Ndunge alikuwa msichana bado, mwenye sweta moja ya kijani aliyoivaa kukiwa na joto au baridi. Vitabu vile alivichagua mwenyewe mjini Kitui, akarudi navyo kwa basi, na hakumpa mtoto kitabu ambacho yeye hajakisoma mpaka mwisho. Tena alikuwa na mtindo wake ambao sijauona kwingine. Kila kitabu alikishona uzi mgongoni. Chenye uzi mweupe kilisomwa saa yoyote. Chenye uzi mwekundu kilikuwa na maimu ndani, yale mazimwi ya hadithi za Kikamba yanayomeza watu wazima wazima, na hicho kilisomwa jioni tu, mbuzi wakishafungiwa.

Msicheke. Kwetu hadithi hazikusimuliwa mchana. Susu, yaani mama ya baba yangu, alituonya mara nyingi kwamba ukimtaja hata iimu mmoja jua likiwaka, mifugo itapotea njia. Mwalimu Ndunge naye hakutaka kubishana na wazee. Alituambia vitabu vimekaa pale kwa ruhusa yao, na hakuona sababu ya kuwatia kidole machoni.

Ijumaa moja zamu yangu ikafika, akanipa cha uzi mwekundu.

“Kavata, hiki ni cha jioni. Umesikia?”

“Nimesikia, mwalimu.”

Na nilikuwa nimesikia vizuri sana. Lakini jioni yangu mimi ilikuwa ya kuteka maji, kupika isyo, yaani mahindi na maharage, na kuosha sufuria, na taa yetu moja ilikuwa ya baba na Biblia yake. Ningesoma saa ngapi? Jumamosi asubuhi nikakificha kitabu ndani ya nguo, nikaenda malishoni na mdogo wangu Musyoka, ambaye hata shule alikuwa hajaanza.

Nilikaa na kitabu mapajani muda mrefu kabla ya kukifungua. Niliogopa, sitawaficha. Kisha nikapata akili, au nilichodhani ni akili. Kilichokifanya kuwa kitabu cha jioni si ni ule uzi? Nikaukata kwa meno, nikauvuta wote, nikautupa kwenye miiba.

“Sasa ni cha mchana,” nilimwambia Musyoka. Aliamini. Mimi pia nilikaribia kuamini.

Sijui tulisoma muda gani. Ilikuwa habari ya iimu aliyejigeuza shangazi akaja kuwasuka nywele wasichana, na kila unywele aliousuka aliuhesabu kimya kimya. Musyoka alikuwa amenishika mkono mpaka kucha zikaingia. Nilipoinua kichwa, kilima kizima hakikuwa na mbuzi hata mmoja.

Tulikimbia mpaka koo likakauka. Jioni mbuzi walirudi mmoja mmoja kwa njia zao, wote isipokuwa yule wa maziwa, ambaye maziwa yake ndiyo aliyokuwa akinyweshwa kitinda mimba wetu tangu mama augue. Kesho yake alipatikana kwenye korongo. Fisi walikuwa wamebakisha pembe na kwato.

Musyoka alilia akisema iimu wa kitabu amekula mbuzi. Susu akasema hivyo ndivyo alivyotuonya, hadithi ya mchana. Baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na hakutaka kusikia mambo ya Susu, akasema mchana au jioni ni mamoja, maimu ni kazi ya shetani na hayana nafasi shuleni. Miaka yote sikuwahi kuwaona wawili hao wakielewana, na sasa walielewana juu ya kitabu changu. Hakuna aliyeuliza macho yangu yalikuwa wapi. Niliona aibu, na nilishukuru.

Baba akapeleka malalamiko, na Jumatano kamati ya shule ikakaa katika darasa letu. Sanduku liliwekwa mezani likiwa wazi, na mimi nikasimamishwa kando yake. Mwenyekiti, mzee mpole mwenye duka la mbegu, alivitoa vitabu kimoja kimoja, na Mwalimu Ndunge akaeleza habari ya nyuzi. Niliona wazee wakitikisa vichwa kwa kuridhika. Hata Susu, aliyekaa karibu na mlango, alisema kwa Kikamba kwamba mwalimu huyu amelelewa vizuri.

Ndipo mwenyekiti akakinyanyua kile changu.

“Na hii, mwalimu? Mbona haina uzi?”

Mwalimu akakipokea. Alipitisha kidole mgongoni taratibu, mahali palipokuwa na matundu ya sindano na karatasi iliyochanika. Akanitazama.

Baba akasimama. “Mimi nataka kujua kitu moja tu. Kama mwalimu ndiye alikosa, hii sanduku irudi ilikotoka. Lakini kama huyu mtoto alielezwa na akakaidi, basi shule ni ya nini kwake? Akae nyumbani achunge mbuzi mpaka aolewe.”

Baba hakuwa mtu wa kutisha bure. Dada yangu mkubwa alikuwa ameachishwa darasa la nne kwa kosa dogo kuliko hilo, na wote mle ndani walilijua jambo hilo, Mwalimu Ndunge pia.

“Kavata,” mwenyekiti aliniuliza, “mwalimu alikuambia usome saa gani?”

“Hakuniambia.”

Nilisikia sauti yangu kama ya mtu aliye nje ya dirisha. Mwenyekiti akamgeukia mwalimu.

“Ni ukweli?”

Alikifunga kile kitabu, akakirudisha sandukuni. Nilimwomba Mungu asiseme, na nilimwomba aseme haraka yaishe.

“Pengine nilisahau,” alisema. “Samahani, wazee.”

Sanduku liliondoka juma lile kwenye mkokoteni wa punda, na Januari Mwalimu Ndunge akahamishiwa upande wa Kathonzweni. Mimi nilibaki shuleni. Nilijiona mjanja, niliyeponyoka mikononi mwa watu wazima kwa neno moja. Nilidhani kweli kwamba alisahau alichoniambia. Watoto wana uwezo wa kuamini lolote linalowafaa, na mimi niliushikilia uongo huo miaka mingi.

Nilikuja kuwa mwalimu pia, huko mjini Mwingi, na kabati la vitabu vya hadithi nilikabidhiwa mimi. Mwaka wangu wa tatu msichana mmoja alikitumbukiza kitabu kisimani, kisha akasimama mbele ya baba yake na mwalimu mkuu akasema mimi sikumpa onyo lolote la kukitunza. Alikuwa akitazama sakafu. Nilimjua baba yake alivyokuwa. Nilikijua pia cheo nilichokuwa nikikingoja. Neno moja tu, “nilisahau,” lilitakiwa, na nilikuwa nimeshawahi kulisikia likisemwa.

Nikasema ukweli. Nilisema kwamba nilimwonya, tena mara mbili. Msichana hakurudi muhula uliofuata.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Mwalimu Ndunge hakuwa amesahau kitu.