Namba Sita za Mama

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sare za shule nazishonea barazani, na kutoka geti letu la Gungu kwenda Kibirizi, hapo tu ziwani, kununua dagaa kwangu ni safari ya kuaga. Kwa hiyo nikisimulia kwamba niliwahi kupanda bodaboda mshikaki na mama yangu, yeye katikati akiwa na vitenge vya harusi, watu wanacheka kwanza halafu hawaamini. Ni kweli tupu. Na kosa lilikuwa langu, ingawa siku ile nilijitahidi kusingizia kila kitu.

Chanzo ni mwenyekiti wa kwaya ya mama. Mtu asiyejulikana aliiba akaunti yake ya barua pepe akaanza kuwatangazia wanakwaya dawa ya nguvu za kiume. Sauti ya pili nzima ilipata. Mama akaingiwa na hofu, maana ni kupitia akaunti yake binti wa mdogo wake humpigia kwa video kila Jumapili. Mdogo wake huyo aliolewa Burundi, wakakimbia vita, wakakaa kambini huku kwetu miaka mingi, mwisho wakapelekwa Ulaya. Akafia huko. Binti amebaki, na wakiongea na mama, Kiha huku, Kirundi kule, mimi na kidato changu cha nne naambulia nusu.

"Ifunge hiyo akaunti," mama akaniamuru. "Ifunge kama banda la kuku."

Nikaweka kwenye simu yangu app ya namba za siri. Kwa asiyeijua: ukishaandika neno la siri, akaunti inakudai tena namba sita, na namba hizo unazikuta kwenye app tu, zinabadilika kila nusu dakika. Mwizi akilijua neno la siri, bila simu yangu atalala nje. App zenyewe zilikuwa nyingi, za kampuni mbalimbali, nami nikachagua kwa kigezo cha kitaalamu kabisa: iliyokuwa na picha nzuri ya ngao. Nikaondoa na njia ya kutumiwa namba kwa meseji, kwa kuwa nilisikia laini za simu nazo zinaibwa. App ikaniambia niandike namba za akiba mahali salama. Nikabonyeza "Nimeshaandika". Sikuwa nimeandika hata moja. Kalamu ilikuwa ndani, na mimi nilikuwa nimeshakaa.

Miezi ikapita, binti akapata mchumba. Kwetu bibi harusi hatoki nyumbani kabla mama yake hajampa neno. Mama hayupo, basi neno ni la mama mkubwa, yaani mama yangu. Ikapangwa saa tano asubuhi kwa saa zetu, kwenye chumba cha video ambacho anaingia aliyealikwa kwa barua pepe yake tu. Saa tano na nusu gari lingemchukua binti kwenda kanisani. Mama alilifanyia neno hilo mazoezi wiki nzima, hata akiosha vyombo.

Asubuhi ya harusi mimi nikajipendekeza. Nikachukua simu ya mama nikabadilisha neno la siri, ili siku kubwa iwe salama. Nikaulizwa kama nitoe akaunti kwenye vifaa vyote. Toa! Ikatolewa, na simu ya mama ikiwemo. Nikafungua app yangu, nikaandika namba sita. Si sahihi. Nikasubiri nyingine. Si sahihi. Barazani wanakwaya wanne walikuwa wameshakaa mkekani wakijaribu vigelegele.

"Baba, imefunguka?" mama akauliza.

"Bado kidogo. Mtandao."

"Mtandao gani? Si ulisema hizo namba hazitaki mtandao?"

Mzazi anayesikiliza ni mzigo. Nikampigia fundi simu wa pale sokoni.

"Angalia saa ya simu yako," akasema. "Hizo namba zinatembea na saa. Ikikosea, zinakosea."

"Iko sawa kabisa. Saa nne na dakika hamsini."

"Hata kwangu. Basi ilete niione."

Kuileta maana yake ni kutoka nje. Nilikuwa bado natafuta kiatu cha pili mama aliposimama. "Siachwi hapa. Ikifungukia huko, niongee huko." Wanakwaya wakatusindikiza kwa vigelegele walivyokuwa wamewaandalia wengine. Dereva wa bodaboda akamtazama mama, akanitazama mimi, akauliza, "Kaka, bibi harusi ni huyu?" Mama akamwambia aendeshe.

Kibanda cha fundi kimejaa makava na chaja mpaka darini. Akaishika simu yangu, akaitazama, akaketi chini kwa kicheko.

"Kaka, nje jua linachoma, simu yako iko alfajiri!"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Simu yangu ndiyo saa ya sebuleni tangu ile ya ukutani ife. Wiki chache nyuma mama alikuwa ameilalamikia: anasoma nane, na yeye hata chai hajanywa! Mtoto mwema, nikazima saa ya kujiendesha kwa mtandao, nikairudisha nyuma saa sita, ili saa mbili asubuhi isome mbili kama watu wote tunavyosema. Mama alinisifu. Kumbe ile app inahesabu saa za dunia, haijali sisi tunasemaje, na ilikuwa inanipa namba za alfajiri.

"Kwa hiyo kosa ni la nani?" mama akauliza.

"Ni la saa," nikasema.

Fundi akairudishia saa ya kujiendesha. Namba sita, mara moja, mlango ukafunguka. Ilikuwa saa tano na dakika kumi na tisa. Binti akatokea kwenye kioo, shela kichwani, macho mekundu.

"Mama mkubwa! Nilidhani huji. Uko wapi hapo?"

"Kwa fundi. Kaka yako alinifungia nje na kuku wangu ndani."

Akacheka, na mama akaanza, kwa Kiha, hata mimi nikaelewa yote. Akamwambia kwamba marehemu mama yake utotoni alikuwa kikojozi, kwamba yeye ndiye aliyembeba mgongoni, na hakuna nguo yake nzuri iliyosalimika. Akamwambia: mume akikuudhi nipigie, ila usinipigie siku ya kwaya. Kisha akasema, "Mama yako angekushika kichwa. Mimi mkono haufiki. Nenda, mwanangu, nakubariki kwa mdomo wake."

Picha ikaganda. Ikarudi. "Umekatika," binti akasema. "Rudia."

Mama akarudia kwa sauti ya kuvusha ziwa. Nje dereva wa bodaboda alikuwa amezima pikipiki. Kule nyuma ya binti watu walianza kuita kwamba gari limefika. Hakuinuka.

"Rudia tena, mama mkubwa," akasema, na safari hii mtandao ulikuwa safi kabisa.

Mama akarudia.